Kisima cha Shangazi Nambela

Sheria inasema nyumba ni pale kilipo kisima. Kikiwa chini ya mita ishirini kutoka genge la mto linaloporomoka, wenye nyumba wanahamishwa, na jina lao linachongwa kwenye mnara wa waliohamishwa.

Mimi ndiye mpimaji, na kwa Shangazi Nambela nilipata mita kumi na tisa na nusu.

“Pima tena, baba. Hiyo kamba imelowa.”

Nilipima mara tatu. Ndipo akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye kisima kingine, kipya, alichochimba mwenyewe. Viganja vyake vilikuwa malengelenge matupu. Nilichungulia: kikavu.

“Sheria imetaja maji?”

Haikutaja. Nikaandika mita thelathini na moja, naye akacheka kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Nikirudi nilipita mnarani. Jina lake lilikuwa limeshachongwa, na vumbi la jiwe lilikuwa bado jeupe chini yake.