Midomo ya Msimamizi

Mchungaji aliposema kila mtu asali kimoyomoyo, kanisa lote lilinyamaza. Lakini masikioni mwa mfumaji mashine ziliendelea kunguruma, ingawa alikuwa na miezi miwili tangu afukuzwe kiwandani kwa kosa la kuharibu vitambaa.

Hakuja kusali. Aliletwa na maneno ya dada yake: "Kama ni kukaa tu, kaa kanisani. Angalau utaoga."

Akainua macho. Kwenye benchi la pembeni, lililowaelekea, alikaa msimamizi wake wa zamani. Mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka katikati, na kila neno la sala yake ya kimya liliufungua ule ufa.

Ukifuma miaka kumi na tisa katikati ya kelele zile, utasoma midomo upende usipende. Mfumaji akasoma.

"Bwana, vile vitambaa niliviharibu mimi. Nikamsingizia yeye. Nisamehe."

Msimamizi akafumbua macho, yakakutana na yake. Akajua amesomwa.

"Baba yetu uliye mbinguni," mchungaji akaanzisha, na watu wakasimama, wakaitikia. Mfumaji akajikuta anafuata. Kwa mara ya kwanza maishani alihisi yupo anayemsikiliza, akaogopa.

"Utusamehe makosa yetu, kama sisi..."

Mdomo ukagoma. Watu waliendelea hadi amina, wakaketi. Dada yake, aliyekaa kando yake, akamvuta sketi: "We, kaa chini!"

Hakukaa. Msimamizi naye alikuwa bado amesimama, ameukazia macho mdomo wa mfumaji, akingoja.

"Kama sisi," mfumaji akaanza tena.