Ulimi wa Mayasa

Daktari alimpaka Mayasa ulimini maji yenye chembe ndogo mno za kaboni, kisha akafunga pazia.

"Taa hii ikiwaka, chembe zitang'aa penye saratani," alisema. "Panapong'aa ndipo nitakapokata."

"Umenipaka masizi kama sufuria," Mayasa alisema. "Na huyu umemwitia nini?"

Huyu alikuwa Salha, mke mwenzake, aliyemshikia kioo. Mume wao alikuwa ameogopa kuja.

"Nimekuja kuuona ulimi unaonitukana tangu siku niliyoolewa," Salha alijibu. "Haya, utoe, mchawi we."

Taa ya zambarau ikawaka. Daktari alitarajia doa dogo ukingoni. Rangi ya kijani ilianzia hapo, ikavuka katikati, ikaingia ndani hadi kwenye shina la ulimi.

"Nipe kioo nione," Mayasa alisema.

Salha alikikumbatia kifuani.

"Kioo, mwizi wa waume!"

"Endelea," Salha alisema. "Nitukane tena. Nitukane yote leo, maadamu ungali na ulimi."

Mayasa akafungua kinywa, na mwanga wa kijani ukamtoka kati ya meno.