Sanduku la Bwana Harusi

Sanduku halikutaka kuingia. Ridjali, dereva wa teksi ya uwanja wa ndege wa Hahaya, alilisukuma kwa bega, kwa goti, mwishowe kwa matusi, hadi likakaa kwenye kiti cha nyuma, mahali pa abiria wawili. Mwenyewe, Mdahoma, akabanana kando yake na kulikumbatia.

"Una maiti humo, mwanangu?" aliuliza Bi Koultoumi, muuza samaki wa Itsandra, aliyeachiwa nusu ya kiti.

"Nina harusi, mama."

Alikuwa ametua asubuhi hiyo kutoka Reunion, baada ya miaka minne ya kuosha vyombo hotelini. Sasa ilimbidi avuke Moroni hadi uwanja wa pili, Ikoni, awahi ndege ndogo ya saa nane kwenda kisiwa cha Ndzuani. Ilikuwa Jumatano. Baba wa mchumba wake Echat, kule Mutsamudu, alikuwa amesema neno moja tu: dhahabu na nguo zisipopitishwa mtaani Alhamisi alasiri, watu wote wakiona, binti yake hana mchumba. Mdahoma alimpenda Echat mno, na njia nzima aliogopa kumkosa.

Kabla ya Itsandra kulikuwa na kizuizi. Wazungu wa ulinzi wa rais, wale mamluki, waliisimamisha teksi. Mmoja wao, mwenye sare nyeusi, akaamuru sanduku lifunguliwe. Tangu watu hao waingie nchini, hakuna aliyejua kama kitu wakikishika watakirudisha.

Mzungu hakuigusa dhahabu. Aliinua viatu vyeupe vya bwana harusi, akavitazama, akaitazama miguu ya Mdahoma, akacheka.

"Hivi si vyako," alisema kwa Kifaransa. "Havitakuingia."

"Vipimo aliniandikia mdogo wangu, Ibouroi, nami nikanunua bila kuvijaribu. Ndiye anayenishughulikia mambo yote huko Mutsamudu. Amekosea namba tu."

"Una ndugu mwema," alisema Mzungu, akalifunga sanduku kwa mikono yake mwenyewe.

Teksi ilipoondoka, Bi Koultoumi alisonya. "Nchi wameichukua, sasa wanataka kutufundisha na viatu!"

Ikoni, ndege ilikuwa imeshawasha injini. Karani alipima sanduku, akampima Mdahoma, akatikisa kichwa. Ilibaki nafasi ya mmoja wao. Ndege nyingine ni Jumamosi.

Mdahoma akaikumbuka barua ya mwisho ya Ibouroi: "Kaka, ukikosa nafasi, sanduku litangulie. Nitalipokea mimi." Naam, bwana harusi anaweza kuwekewa wakili mbele ya kadhi. Dhahabu haina wakili. Akalikabidhi sanduku, na ndege ilipopaa alilia bila kuona haya.

Ijumaa asubuhi aliitwa posta ya Moroni. Telegramu ya Ibouroi ilikuwa na mistari miwili.

"Sanduku limefika. Mutsamudu nzima imeona. Ndoa imefungwa."

Mdahoma alimshukuru Mungu kwa sauti, akamkumbatia karani wa posta, akawaambia watu wote kwenye foleni kwamba ndugu kama Ibouroi hazaliwi mara mbili. Kisha akasoma mstari wa pili.

"Viatu vimenikaa sawasawa. Shemeji yako Echat anakusalimu."