Waya Uliokatika

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshafika getini na lori lake kulichukua gari bovu wakati binti, fundi magari, alipomwambia mama yake, "Nisubiri kidogo tu. Hili gari halijafa."

"Mwanangu, mafundi wote wamelishindwa. Wamebadilisha sensa ya injini, wapi! Bado linanizimikia barabarani."

"Sensa ni nzima, mama. Tatizo ni nyaya zake."

Mama akiwa kwenye usukani na injini ikinguruma, binti aliingiza mkono chini ya boneti akawa anatikisa fungu la nyaya, pole pole, toka mwanzo. Alipokaribia bomba la moshi, injini ilikohoa ikazima.

Akacheka. Chini ya tepu kuukuu, ganda la waya mmoja mwembamba lilikuwa limeungua, na shaba ya ndani imegeuka kijani. Ilishikana kwa uzi mmoja tu, kama unywele.

Alikata sehemu iliyooza, akaunganisha kipande kipya kwa lehemu, akakifunga mbali na joto. "Washa, mama."

Injini ikashika papo hapo. Akazitikisa tena nyaya, safari hii kwa nguvu. Injini haikujali.

Mnunuzi akapiga honi. Mama akateremsha kioo na kuingiza gia.

"Baba, sogeza lori," akamwambia mnunuzi. "Unanizibia njia."