Mabega ya Watoto wa Nasari

"Mwalimu, watoto wapige makofi tu. Mabega yatulie," mzee wa kanisa alisema mbele ya wazazi wote.

Watoto wa nasari ya kanisa walikuwa wamejipanga uani, vifuniko vya soda vimefungwa miguuni kwa uzi wa katani. Mmoja akijikuna, njuga zinalia.

Mwalimu Kalondu alikuwa ametunga ngoma yao muhula mzima: kupanda ndengu, kufukuza ndege, kuvuna. Mabega tu hakuyatunga. Hayo yalikuwa ya mama yake, aliyecheza kilumi, ngoma ya jadi, mpaka uzeeni, na ambaye kanisa lilikataa kumzika.

"Kwani mabega yamekosa nini, mzee?"

"Hiyo ni kilumi, ngoma ya mapepo. Tulimkanya mama yako hadi akaingia kaburini."

"Na hamkumwimbia hata wimbo mmoja."

Mzee akapandisha sauti.

"Ukipuliza hiyo filimbi ya kuanzisha ngoma na mabega yatikisike, kesho usikanyage hapa. Tutatafuta mwalimu mwingine."

"Mtafute anayejua kucheza."

Mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo kwa leso.

Filimbi ilikuwa imeshika joto la jua. Ilimchoma Kalondu mdomoni. Msichana mdogo wa mbele akamvuta sketi.

"Mwalimu, mimi nimesahau mabega."

Kalondu alivua viatu, akamgeuzia mzee mgongo, akainama kidogo mbele ya watoto.

"Tazama yangu," akamwambia, kisha akapuliza.