Pini ya Alexandra

Pini mpya ilikuwa imesimama kwenye ramani ukutani, juu ya Alexandra, kitongoji cha Johannesburg, tangu Jumatatu, na Mzee Trevanick alikuwa hajapata usingizi wa maana kwa ajili yake.

"Valentin, toa gari. Twende."

Valentin, dereva wake, alisimama mlangoni kofia mkononi. "Mzee, daktari amesema upumzike."

"Nitapumzika sana hivi karibuni. Mtoto wako hajambo?"

"Hajambo, Mzee. Anakua."

Walizungumza Kiswahili. Mzee alizaliwa Chunya, baba yake alipokuwa akichimba dhahabu, na lugha hiyo aliinyonya pamoja na maziwa. Valentin alitoka Burundi. Katika mtaa ule wa Randburg hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia mzee "pole" ikamwingia.

Ramani ya dunia ilifunika ukuta wa sebule. Jina Trevanick lilianzia Cornwall, pembe ya kusini magharibi mwa Uingereza, ambako majina mengi huanza na Tre, yaani makazi. Machimbo ya huko yalipokufa, wanaume walifunga mizigo, na pini zilionyesha walikoelekea: Australia, Meksiko, Amerika, Johannesburg. Palipochimbwa shimo, Trevanick mmoja aliingia humo.

Kisha mzee akaanza kuzing'oa. Huyu alikufa bila mtoto, yule alizaa mabinti watupu, nao wakaolewa na kubeba majina ya waume zao. Binti yake mwenyewe, huko Perth, anatumia jina la mwanamume ambaye mzee hakuwahi kumpenda. Ikabaki pini moja tu, yake. Alikuwa amechoka, lakini si kwa ugonjwa peke yake. Alichoka kuwa wa mwisho, kama mtu aliyebaki mezani wenzake wote wameshaondoka.

Ndipo mtafiti mmoja, Brigitte, akapiga simu kutoka chuo kikuu cha Braamfontein, anakochunguza jinsi majina ya ukoo yanavyosambaa nchini. Takwimu zake mpya zilikuwa na Trevanick mwingine, mmoja tu, Alexandra. Umri wala jina la kwanza hakuruhusiwa kusema. Katika takwimu za kabla ya ghasia za 2008 dhidi ya wageni, mtu huyo hakuwapo.

"Basi amehamia," mzee alisema walipokuwa barabarani. "Au ni damu ya babu yangu. Babu alikaa mji huu miaka mingi bila mke, na hakuwa mtawa. Awe mweusi, awe mweupe, mimi sijali. Nataka nimwone mtu mwenye jina langu kabla sijafumba macho."

Valentin alibadilisha gia, macho barabarani.

"Hivi ninyi ukoo wenu unaitwaje?" mzee aliuliza. "Miaka yote hii sijakuuliza."

"Hauitwi, Mzee. Baba alikuwa na jina lake, mimi nina langu, dada yangu lake. Kwetu mtoto unampa neno ambalo wewe mzazi unataka kulisema. Unamshukuru mtu, umegombana na jirani, unalitia humo."

"Sasa mnajuanaje kama ni ndugu?"

"Tunajuana tu. Lakini hapa, eish! Kila dirisha la ofisi ni jina la ukoo, jina la ukoo. Wanakataa kukuandikia mpaka uwatajie moja."

Mzee alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Walisimama kwenye roboti ya kuongozea magari, taa ikiwa nyekundu.

"Mzee, na kama huyo mtu si wa damu yenu? Kama amepewa jina tu?"

"Jina la ukoo si mwavuli uliosahauliwa kwenye basi. Haliokotwi."

Taa iligeuka kijani, na Valentin hakuondoka mpaka walipopigiwa honi nyuma.

Mzee alimwonea huruma, akidhani anakijua kinachomsumbua. Mei ile ya 2008, huko huko Alexandra, watu walichoma chumba cha Valentin kwa sababu hakuwa mwenyeji. Alifika kwa mzee Randburg kwa miguu na mkewe Joséline, ambaye kwa ukubwa wa mimba hakuweza hata kuinama kufunga kiatu. Mzee aliwapa chumba chake cha kulala, yeye akahamia kwenye kochi, na jirani aliyekuja kulalamika alifungiwa geti. Hali ilipotulia walirudi Alexandra, maana kodi ya kwingine hawakuiweza. Tangu hapo Valentin huja kazini peke yake.

"Usiogope," mzee alimwambia. "Tukishamwona, tunaondoka."

"Siogopi watu, Mzee."

Waliingia Alexandra. Vichochoro vilibanana, mabati yakigusana, moshi wa nyama choma ukiingia hadi ndani ya gari.

"Simama kwenye kile kiduka cha spaza, uulize."

Valentin hakusimama wala hakuuliza. Alikata kulia, akakata kushoto, akazima gari mbele ya geti la buluu. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Mzee, nikiwa nimekukosea, unisamehe. Nilitaka kukwambia, kila siku nikashindwa."

Mzee hakumsikia vizuri. Moyo wake mbovu ulikuwa ukipiga masikioni, na alikuwa anafunga kifungo cha juu cha shati. Ghafla aliogopa kwamba nyumba itakuwa tupu, arudi tena kwenye ule ukuta.

"Mwite," alisema. "Mwite kwa jina nisikie."

Valentin alishusha kioo. Akatoa kichwa nje.

"Trevanick!"

Mlango wa bati ukafunguka. Msichana mdogo mwenye kiatu mguu mmoja akaja mbio, akaning'inia kwenye dirisha la dereva, kisha akamkazia macho yule mzee mweupe.

"Papa," alinong'ona, "huyu ndiye mwenye jina langu?"