Filamu za Mapenzi

Kila mara kijana na msichana waliposogeleana kwenye filamu, Baba Tausi alikohoa. Kisha alimtuma mkewe maji ya kunywa, naye aliporudi alikuta chaneli imeshabadilishwa na watu wanapigana mateke juu ya paa.

Leo, kijana alipomshika msichana mkono pale stesheni, kikohozi kikaja.

"Mama Tausi, niletee maji."

"Mtungi uko pale pale."

"Nina kiu, mke wangu."

"Huna kiu, una haya. Na unamwonea haya nani? Watoto wote wana nyumba zao, tumebaki mimi, wewe na paka. Tangu unioe sijajua kama hawa watu huoana au huachana. Leo naangalia mpaka mwisho!"

Akachukua rimoti, akaikalia.

Baba Tausi akainuka, akaenda jikoni akiburuta kandambili. Kata ikagonga mtungi.

"Wamemaliza?" akauliza kutoka huko.

"Bado."

"Filamu za kijinga! Mtu na akili zake anakaa kuangalia watu wakinong'onezana."

Mama Tausi alikaza macho kwenye runinga. Treni ilikuwa inaondoka na msichana analia. Alipogeuka, alimwona mumewe amesimama mlangoni, kikombe kimejaa, hajakigusa.

"Amemwambia nini?" Baba Tausi akauliza kwa sauti ya chini.

"Si ulikimbia?"

Lakini Mama Tausi alisogea, na upande mmoja wa kochi ukabaki wazi.